Kiganja Kwenye Spika

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Najiomba msamaha mwenyewe, maana hakuna mwingine anayesoma humu. Ukurasa wa mwisho ni wa Desemba. Muuguzi wa kliniki alinipa kazi nyepesi: kila siku andika mwanangu Kezia amegeukia sauti gani. Mbwa, mlango, jina lake. Niliandika siku nne. Siku ya tano hapakuwa na cha kuandika, nikaacha. Ya sita pia. Nikaogopa kufungua.

Leo ni kama jana. Moto, uji, maji. Asifiwe mgongoni, miezi sita, mzito kama gunia la maharage mabichi. Kezia ana miaka miwili na nusu na hajasema neno. Hata mama.

Mama mkwe ametoka Kagerankanda tangu Krismasi, yuko nasi hapa Kibondo. Asubuhi anamwinamia Kezia na kupiga yale makofi ya salamu ya Kiha, viganja viwili, taratibu. "Mwakeye." Kezia anainama na kupiga yake. Mama mkwe anaridhika. Anasema mtoto asiyesikia hawezi kuitikia salamu. Baba Kezia anasema hivyo hivyo, ila yeye ushahidi wake ni muziki. Mtoto anacheza.

Kweli anacheza. Redio ikiwashwa anakwenda kwenye spika iliyo sakafuni, anaweka kiganja kwenye karatasi yake ya mbele inayotetemeka, anatikisa mabega. Ndiyo furaha yake. Sijaona nyingine.

Leo alikuwa anaisukuma karatasi kwa kidole. Nilimwonyesha kwa mkono aache. Akaisukuma tena. Nikampiga mkono. Akasukuma. Nikampiga.

Sikujisikia vibaya. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki.

Kezia amerudi kusukuma. Safari hii nilikuwa nimechoka hata kunyanyua mkono, nikakaa namtazama. Hapo ndipo nilipoona. Hachezi. Anairudisha. Karatasi ya spika imesimama nje kidogo, unene wa punje ya mchele, na yeye anaibonyeza irudi mahali pake. Akiachia inatoka tena.

Nilizima amplifaya. Karatasi ikarudi yenyewe. Niliwasha. Dum. Ikatoka, ikabaki nje. Muziki haujaanza hata.

Nimempiga kwa jambo ambalo yeye ameliona na mimi sikuliona.

Amplifaya yenyewe ni kuukuu, ya kuletwa. Upande wa kulia ulikufa mwaka jana paa lilipovuja, spika yake shemeji akaichukua. Januari na upande wa kushoto ukanyamaza. Baba Kezia akaipeleka kwa fundi mmoja sokoni, ikarudi jioni ileile inalia. Tulifurahi wote. Sasa sijui alifanya nini humo ndani.

Mita yangu ya kupimia umeme iko chini ya kitanda. Betri yake ya mraba imekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata betri. Nimepima.

Nilivyofundishwa na Kaka Obedi: chomoa waya za spika kwanza, usiunge redio wala simu, sauti ipunguze mpaka mwisho. Mita iwe kwenye DC. DC ni umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Muziki unasukuma na kuvuta, unasukuma na kuvuta. DC inasukuma tu, haivuti. Haitoi sauti. Unaweza kukaa nayo chumba kimoja mwaka mzima usijue.

Ilipowashwa: milivolti mia na arobaini. Robo saa: mia nne. Nilipomaliza kumnyonyesha Asifiwe na kumfuta matapishi: mia tisa na kitu.

Nilimpigia Kaka Obedi Kasulu. Ana duka la vipuri nyuma ya stendi. Nilikaa naye mwaka na miezi kadhaa baada ya kidato cha nne, nikimshikia tochi, nikachoma vidole vyote. Siku ya harusi yangu watu walileta masufuria, yeye alileta mita na pasi ya kuchomelea nyaya. Mama mkwe bado anacheka.

Alisema chini ya hamsini usijisumbue. Ikipita mia, tafuta sababu. Ikikaribia volti nzima, toa spika, spika inapikwa polepole na hutasikia. Halafu akauliza, "Mdogo wangu, rilei yake haikukata?"

Rilei ni kile kiboksi kinacholia *tik* sekunde chache baada ya kuwasha. Kinasubiri. Kikiona DC imezidi hakiungi spika. Ndiyo kazi yake.

Nilifungua mfuniko. Rilei iko, ila juu yake fundi amechomelea kipande cha waya, kutoka mguu mmoja mpaka mwingine. Amemruka mlinzi. Basi. Amplifaya ilikuwa imenyamaza Januari kwa kuwa ina ugonjwa, yeye akamziba mlinzi mdomo na sisi tukamshukuru.

Spika nimeichomoa. Ni moja iliyobaki. Ya namna ile, yenye karatasi pana ya kuweka kiganja cha mtoto, haipatikani hapa. Ikiungua imeungua.

Kezia ameweka mkono. Amesubiri. Amenitazama. Ameweka mkono mwingine.

Nilienda kuosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Kezia amelala karibu na spika mchana. Kichwa kwenye boksi lake.

Sina la kuandika. Ugali wa muhogo, dagaa.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Kezia amefika kutoka Kakonko saa tisa, na saruji kwenye nyusi. Wanajenga madarasa kule, anarudi Jumamosi. Kabla ya kuoga akawasha amplifaya. Kimya. Nikamweleza. Nikamwonyesha waya wa fundi. Akasema unge tu, jioni moja haitaua kitu.

Nilimwambia, "Baba Kezia, siungi."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. Akachukua redio ndogo ya betri, akaiweka juu ya meza, akafungua sauti mpaka ikakoroma. Kwaya anayoipenda. Asifiwe akageuka mgongoni kwangu, nikahisi kichwa chake kinazunguka. Mama mkwe akaanza kuimba.

Kezia alikuwa amewapa mgongo, anapanga magunzi ya mahindi. Alipanga moja, la pili, la tatu. Wimbo uliisha. Ukaanza mwingine.

Baba Kezia alimtazama muda mrefu. Akasema amechoka huyu, hakulala mchana.

Alikuwa amelala mchana.

Lazima niandike na hili. Daktari wa masikio anafika Kasulu tarehe kumi na tisa, siku mbili tu. Muuguzi aliniambia tangu Januari. Nilipomweleza Baba Kezia alisema hapeleki mtoto mzima akaandikwe kwenye orodha ya viziwi, maana jina likishaandikwa halifutiki. Nami naogopa hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nashinda naye.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Kwaya ya vijana ina ngoma kubwa, tulikaa benchi la pili. Ngoma ilipoanza Kezia akashika benchi kwa mikono yote na kutikisa mabega. Mama mkwe akanigusa goti, unaona? Baba Kezia akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

Nilimnyanyua Kezia nikamshika hewani, mbali na benchi. Mabega yakasimama. Ngoma inaendelea, yeye anachezea kifungo cha blauzi yangu.

Nilimrudisha kwenye benchi. Akacheza.

Baba Kezia aliona. Najua aliona kwa sababu alifungua kitabu cha nyimbo ukurasa ambao hatukuwa tunauimba.

Jumatatu, 10 Machi

Baba Kezia ameondoka na basi la asubuhi. Mlangoni, akifunga viatu, akasema: "Tengeneza hiyo spika. Jumamosi nikimkuta anacheza, habari ya Kasulu tuifunge."

Nilikuwa nakamua chuchu iliyoziba.

Nimefikiri siku nzima. Nikiitengeneza, atacheza. Akicheza, hatuendi. Nisipoitengeneza, Jumamosi ataona mtoto aliyekaa tu, labda tutakwenda. Lakini siku tano Kezia ataweka mkono kwenye kitu kilichokufa na kunitazama.

Nimemtumia Kaka Obedi picha. Ameona ubao, amesema atatuma kapasita ya kuingilia na transista mbili za mbele, vipuri vya pale sauti inapoingilia. Sikumwambia habari ya Jumamosi.

Jumatano, 12 Machi

Bahasha imefika na kondakta wa basi. Kapasita moja. Transista mbili zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Kaka amepima nyingi mpaka akapata mbili zinazolingana. Ndiyo siri ya sehemu ile, zinakaa mbili mbili kama watu wawili waliobeba machela. Mmoja akiwa mfupi mzigo unaelemea upande. Za zamani moja ilikuwa imekaa jirani na rezista, kipuri kinachochemka, inapata joto peke yake. Ndiyo maana namba ilikuwa inapanda kila chombo kikipata moto.

Kaka alisema usiwashe moja kwa moja, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani, ya waya, kama kuna kosa balbu itabeba. Balbu hizo nani anazo siku hizi? Nilikwenda kwa jirani, Mama Neema, anayo moja ya kutia joto vifaranga. Akasema nirudishe kabla jua halijazama, vifaranga visipate baridi. Nikaapa.

Nilianza na kapasita. Umeme ukakatika. Ukarudi saa nane. Kezia usingizini, Asifiwe kwa bibi yake. Namba ikashuka mpaka mia sita. Haitoshi.

Nikabadilisha transista. Miguu mitatu, sura ileile, nikazipachika kama zilivyokuwa za zamani. Nikawasha. Balbu ikawaka kidogo ikafifia, nikafurahi. Mita ikaonyesha volti thelathini na moja.

Si milivolti. Volti.

Nilichomoa kwa mguu. Nilikaa chini. Ningekuwa nimeunga spika ingekufa palepale. Nilijitazama mikono nikashangaa mbona haitetemeki. Siku hizi hata hofu inanifikia ikiwa imechelewa, kama gazeti.

Nimerudisha balbu kwa vifaranga.

Alhamisi, 13 Machi

Kosa ni langu. Transista mpya na za zamani zimefanana umbo, lakini mguu wa katikati si uleule. Kaka Obedi alinisomea kwenye simu, mguu kwa mguu. Akasema samahani, alidhani najua. Nikasema nilikuwa najua, nimesahau. Kuna vitu vingi nilikuwa najua.

Nikachukua balbu tena. Mama Neema akasema hivi vifaranga ni vyako sasa.

Nilipokuwa nazipindua, mama mkwe alikuja na kigoda akakaa. Huwa hakai karibu na mambo ya waya. Akauliza natafuta nini muda wote huo. Nikamwambia kuna umeme unasukuma spika bila kutoa sauti.

Akauliza, "Kama hakilii, ulijuaje kipo?"

Nilikuwa na pasi ya moto mkononi, nikajibu bila kupanga. "Sikujua, Mama. Kezia ndiye aliyejua. Kwa kidole."

Alibaki anamtazama Kezia aliyelala, mdomo wazi, mkono kwenye boksi la spika. Baadaye nikasikia kigoda kinaburuzwa, akatoka. Alikaa nje na maharage yake mpaka mvua ikamrudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezifunga transista uso kwa uso, na uzi uleule mwekundu, zipate joto pamoja. Ikiwa baridi: milivolti kumi na tisa. Nusu saa: ishirini na nane. Saa nzima: thelathini na moja, ikakaa hapo. Niliiacha mpaka nimemaliza kuchambua mchele. Thelathini na moja.

Imepona.

Nilikaa na bisibisi mkononi. Waya za spika ziko pembeni. Skrubu mbili tu.

Kezia alikuja. Aliona nimefungua, akadhani tayari. Akaweka kiganja. Akaniangalia kwa yale macho ya kusubiri.

Nilifikiri: nikingoja mpaka Jumapili. Nikimwambia baba yake kipuri hakijafika. Nani atajua?

Nilikaa hivyo kama dakika tano. Halafu nikaona haya. Kwanza nilimpiga kwa kuwa ameona kweli, sasa nataka kumnyima ili mtu mwingine aone kweli. Nikaunga. Nikaweka wimbo wenye besi nzito.

Karatasi ilitikisika na kurudi mahali pake. Kezia alicheka. Kicheko chake kina mlio wa ajabu, kinatoka tumboni, hajui kinavyolia.

Nililia kidogo. Si sana. Kisha nikaweka maharage motoni.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika yote, kwa mpangilio.

Baba Kezia alifika, akaona spika imeungwa, hakuuliza. Akawasha. Kezia akakimbia, kiganja, mabega. Baba Kezia akacheka kwa sauti, akapiga paja, akanigeukia. "Umeona mwenyewe."

Nikasema nimeona.

Nilikuwa nimeishiwa. Nilikuwa na maneno nimeyapanga wiki nzima, ya benchi na ya redio ndogo, yote yakatoka kichwani. Nilishika tu kitambaa cha Asifiwe.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akasema, "Daudi, zima."

Anamwita jina lake pale tu anapokasirika. Akazima. Kezia alibaki na kiganja kwenye spika, anasubiri, mgongo kwetu.

Mama mkwe akasogea nyuma yake, hatua mbili. Akainama kama anavyoinama kila siku. Akapiga makofi. "Mwidiwe," ile salamu ya mchana. Taratibu, vizuri, kama anasalimia mtu mkubwa.

Asifiwe aligeuka mgongoni mwangu.

Akapiga tena, kwa nguvu. "Mwidiwe, mwana wanje."

Kezia alikuna shingo.

Akapiga mara ya tatu, kwa nguvu mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatoka. Kezia akabonyeza karatasi ya spika kwa kidole kuona kama imekufa tena.

Mama mkwe alikaa sakafuni. Mtu wa magoti mabaya, huwa hakai sakafuni. Mikono yake bado imekutana. Akamwambia mwanawe, pole pole:

"Siku zote alikuwa ananiona. Hajawahi kunisikia hata mara moja."

Kezia ndiye aliyegeuka, akamwona bibi yake yuko chini, mikono imekutana. Akadhani ni salamu. Akainama, akapiga makofi.

Baba Kezia alitoka nje. Nilisikia anamwaga maji ya kuoga bila kuoga.

Jumapili, 16 Machi

Baba Kezia hakwenda kanisani. Alikaa na Kezia uani. Nilimwona kupitia dirishani anamwita nyuma ya mgongo, mara nyingi, kwa majina yake yote. Kezia, Keze, Mama mdogo, mchumba. Halafu akaacha, akazunguka mbele yake, akakaa anamtazama tu. Kezia akampa gunzi.

Mchana akaniuliza tarehe ni ngapi ile ya Kasulu. Nikamwambia. Akauliza basi la saa ngapi. Nikamwambia.

Akasema yeye ndiye aliyempelekea fundi ile amplifaya, na yeye ndiye aliyefurahi. Nilimwambia wote tulifurahi.

Ni kweli. Na hasira ninayo. Miezi miwili na nusu. Nimemkasirikia na sina nguvu ya kumkasirikia, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 17 Machi

Hakwenda Kakonko. Ameomba ruhusa kwa simu, nimemsikia akisema mtoto wangu hasikii, naenda naye kwa daktari. Alilisema kawaida, kama kusema nakwenda kusaga.

Nimetoa ule waya wa fundi. Rilei ikalia *tik*, ikakubali. Lakini sauti inakwaruza. Midomo ya ndani ya rilei, ile inayogusana, imeungua. Inahitaji nyingine. Siurudishi waya.

Alhamisi, 20 Machi

Kasulu, kwa Kaka Obedi. Naandikia mezani kwake, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo.

Jana. Foleni tangu saa kumi na mbili. Wanawake wengi, watoto wa kambi za wakimbizi pia, mama mmoja wa Nyarugusu alinishikia Asifiwe nikaenda chooni, akamwimbia kwa Kiswahili chao cha Kongo. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko nilivyofikiri. Alimvalisha Kezia vidude masikioni, akazungusha namba, akaandika. Nilizijua zile sura za mtu anayesoma mita. Nilijua kabla hajasema.

Sikio la kulia hakuna. La kushoto kuna kidogo sana, sauti zile nzito za chini. Tangu kuzaliwa, labda. Alisema si kosa la mtu. Baba Kezia akamuuliza mara mbili kama si kosa la mtu.

Daktari aliniuliza nimejuaje mapema hivi. Wengine huja mtoto ana miaka sita. Nikamwambia habari ya spika. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaandika na hilo.

Kuna mwalimu wa lugha ya ishara, anakuja Kasulu Jumatatu moja kila mwezi. Ana karatasi zenye picha za mikono. Maji. Kula. Njoo. Mama. Jana zilikuwa zimeisha, Jumatatu ataleta nyingine, atamwachia Kaka.

Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilikula samaki wawili, migebuka ya Kaka Obedi, na wali wote.

Jumamosi, 22 Machi

Kibondo. Mvua imepumzika. Baba Kezia amekwenda Kakonko jana, leo hakurudi, analipia siku alizokosa. Alipiga simu asubuhi, akaniambia nimwonyeshe Kezia picha yake kwenye simu. Nikamwonyesha. Akaigusa kwa kidole, akaibonyeza.

Amplifaya inakwaruza lakini inaungurumisha. Nimepima tena kabla ya kuunga. Thelathini. Karatasi iko mahali pake, haitoki nje, hairudi ndani. Kezia amekaa nayo tangu asubuhi.

Mama mkwe bado anampigia makofi. Sasa anazunguka mbele kwanza, anahakikisha anaonekana, ndipo anainama.

Asifiwe amelala. Nyumba imetulia. Nimechoka kwa namna ya kawaida.

Vinavyobaki, Kaka atume na basi la Jumanne. Naandika hapa nisisahau, kisha nimtumie:

Rilei moja, volti ishirini na nne, miguu minane. Safari hii tulinganishe miguu kwanza. Picha ya chini nimeshampa.

Fyuzi mbili. Iliyomo ni ya mwisho.

Risasi ya kuchomelea, kipande cha urefu wa mkono kinatosha.

Balbu ya waya kama ipo kwa mtu yeyote, ya Mama Neema imeungua jana na vifaranga viko jikoni kwangu.

Karatasi ya vipimo vya Kezia. Niliisahau mezani, chini ya redio ya kijani.

Zile karatasi za picha za mikono, mwalimu akizileta. Tatu, si mbili. Moja yangu, moja ya Baba Kezia aende nayo Kakonko. Moja ya mama mkwe. Hajui kusoma, lakini hiyo ni ya picha, na ameshaniuliza mara mbili inakuja lini.